Jibu la Pili la Maman Prof

Kaburi la Maman Prof halina jina. Lina msalaba wa mbao, kibao kidogo cha namba kilichopigiliwa na wafanyakazi wa makaburi, na chungu cha maua yaliyokauka. Jina halipo kwa sababu ukoo wake umekataza lisiandikwe. Na huyu ndiye mtu wa kwanza kwetu Kivu, mashariki ya Kongo, kuipima akili ya mtoto kwa majaribio, akawavua watoto wengi jina la ujinga.

Nilikwenda pale Jumamosi iliyopita pamoja na binti yake. Makaburi ya commune yetu, yaani manispaa ya Schaerbeek hapa Brussels, hayako Schaerbeek kwenyewe. Yako mbali, upande wa uwanja wa ndege, na mtu hupanda basi karibu mpaka mwisho wa mji. Ndege hupita chini sana, kiasi kwamba anayesali hulazimika kunyamaza mpaka ipite. Binti aling'oa majani, akaunyoosha msalaba uliokuwa umeinama, akaongea na mama yake kana kwamba amemkuta jikoni.

"Maman, tumekuya. Niko na tonton. Baridi imepungua kidogo."

Tonton, yaani mjomba, ndivyo anavyoniita. Ndege ikapita. Akaitazama mpaka ikapotea.

"Zinaenda kila pahali," akasema. "Kwetu tu ndiyo hakuna."

Maman Prof alifariki wakati vita vilikwisha kuuchukua mji wa kwao na uwanja wa ndege wa huko umefungwa. Desturi ingetaka arudishwe nyumbani. Haikuwezekana, kwa hiyo wazee waliamua azikwe Brussels kwa muda, mpaka njia ifunguke. Commune ikatoa mahali pa muda vilevile: baada ya miaka michache, kama wenyewe hawajaamua, kaburi hufukuliwa na nafasi hupewa mwingine. Dada yake mkubwa, ambaye bado yuko Bukavu na ambaye binti humwita Maman Mukubwa, alitoa agizo kwa simu siku ya mazishi, simu ikiwa imeinuliwa juu ili wote tusikie: "Musiandike jina! Mukiandika jina mumemufunga kule."

Tangu siku hiyo hakuna kilichosogea. Kwetu matanga hayaondolewi wakati marehemu hajafika mahali pake, na matanga yasipoondolewa, binti wa marehemu haolewi. Mchumba wake ni kijana wa Uvira aliyekuwa akifanya kazi kiwanda cha magari kule Forest, upande wa pili wa Brussels, mpaka kilipofungwa. Sherehe ya mahari, ambayo sisi tunaiita dot, ilikuwa imekwisha kupangwa. Sasa anakuja Jumapili, anakunywa chai, anauliza kwa sauti ya chini kama kuna habari, anaambiwa hakuna, anarudi Forest. Binti ni mlezi katika nyumba ya wazee. Huwalisha na kuwafunika wazee wa wengine siku nzima, na kwake hajui amfunike mama yake wapi.

Jambo ambalo lingemaliza yote ni moja: mwenyewe alitaka alale wapi? Hapo ndipo inapobidi nieleze alikuwa mtu wa namna gani.

Alikozaliwa na shule alizosoma wataeleza wa ukoo wake. Mimi nilimfahamu Brussels, kwa miaka mingi, tangu nilipofika kutoka Kigoma, ambako nilikulia ukimbizini na kupata Kiswahili hiki ninachoandikia. Kiswahili hicho kilimchekesha sana.

"Musikie huyu," aliwaambia wageni wake mara ya kwanza nilipoketi mezani kwake. "Muntu wa Bukavu, anasema mtoto, anasema kitu. Weye, unaongea kama radio! Nani amekufa?"

Baadaye nilipopata kipindi katika redio ndogo ya mtaa wetu, akaanza kuniita Journaliste, na hakuacha. Nilimwalika mara moja. Nilimuuliza kama haoni kwamba wakimbizi wanapata taabu kuzoea maisha ya hapa. Alikaa kimya mpaka fundi mitambo akaanza kunipungia mkono nyuma ya kioo. Kisha akasema hewani, taratibu: "Journaliste, umeniletea swali na jibu iko tayari ndani. Sasa miye nifanye nini? Nikufungulie tu?"

Kuna wanasaikolojia wanaoketi na mtu wakamsikiliza machungu yake. Hakuwa wa aina hiyo, na alikasirika akidhaniwa hivyo. Kwenye misiba watu walimvuta pembeni wamweleze ndoto zao na waume zao. "Miye sitibu," alijibu. "Miye napima." Alikuwa mwanasaikolojia wa majaribio. Aliyafanya akilini yale anayoyafanya fundi wa umeme kwenye waya: kugusa hapa, kuona nini kinawaka kule, kugeuza, kugusa tena.

Jaribio lililomjengea heshima alilifanya Bukavu akiwa mwalimu kijana. Siku hizo watoto walipimwa akili kwa masanduku ya picha yaliyotoka Ulaya. Mpimaji anaonyesha picha, anauliza: hii ni nini? Watoto wengi walinyamaza, na kunyamaza kulihesabiwa kuwa kutojua. Yeye akaona jambo ambalo mama yeyote wa kwetu analijua, ila hakuna aliyewahi kulipima. Nyumbani kwetu mkubwa hamuulizi mtoto kitu ambacho mkubwa mwenyewe anakiona. Akimuuliza hivyo, ni mtego. Nani amevunja sahani? Mkubwa anajua, na fimbo iko nyuma ya mlango. Mtoto mwenye akili hunyamaza.

Basi akajifunga macho. Alichukua kipande cha kitenge, akakizungusha kichwani mpaka asione kabisa, akamwambia mtoto: "Miye sione. Unisaidie. Iko nini mbele yangu?" Watoto wale wale waliokuwa mabubu wakaanza kusema wasinyamazike. Walimtajia picha, rangi, mkunjo wa karatasi, na nzi aliyetua mezani. Alifanya na kundi moja kwa kitambaa, jingine bila kitambaa, kisha akabadilisha makundi. Tofauti ilikuwa kubwa hata wakaguzi wakamtuhumu kuwa amechagua watoto. Akawaambia walete wao wenyewe watoto, na matokeo yakawa yale yale. Waliofanya kazi naye wameniambia kwamba kwetu hakuna aliyefanya hivyo kabla yake. Nimetafuta anayepinga, sijampata.

Chumba chake cha majaribio kiliporwa katika vita vya kwanza vya Kongo. Alifika Brussels na binti mdogo na shahada ambazo hapa hazikukubaliwa. Ofisi moja inayoshauri shule ilimwajiri, lakini kwa kutafsiri, si kwa kupima. Kwa miaka aliketi pembeni ya mpimaji, akigeuza "hii ni nini?" kuwa Kiswahili, akimwona mtoto ananyamaza, akijua kwa nini ananyamaza, bila ruhusa ya kulisema. Nilimuuliza alivumilia vipi. "Nilikuwa natafsiri vizuri," akajibu, akaondoka kwenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa motoni.

Kwa hiyo maabara yake ikahamia jikoni. Jumamosi akina mama walikuja Schaerbeek kutoka kila upande wakiwa wamewashika watoto mkono. Siku moja nilimkuta mama wa Kirundi, Mwislamu wa Bujumbura, mwenye duka la vitambaa pale Saint-Josse, mtaa jirani. Binti yake wa darasa la kwanza alikuwa amejificha nyuma ya mtandio wake.

"Mama Profesa, shule wanasema huyu hajui kitu. Wanataka kumpeleka kule kwa watoto wagonjwa."

"Hajui kitu? Na kwako, nyumbani?"

"Kwangu! Kwangu anajua mpaka mteja anayetaka kunidanganya. Ananivuta nguo."

"Bon. Donc anajua. Umuache hapa, uende soko. Na usirudie mbio, ukae ukanywe chai kule."

Mama alipotoka, Maman Prof alijifunga kitambaa. Nilikuwa mlangoni, nikiwa nimeamriwa nisipumue. Mezani palikuwa na vitunguu, kisu, tiketi ya tramu, na sahani ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, ambao hapa huuzwa wakiwa wamegandishwa.

"Miye sione, chérie. Unisaidie nipike. Iko nini hapa?"

Ikaja sauti ndogo: "Kuna vitunguu. Lakini hicho usikishike, kimeoza. Sukuma mkono. Hapana, huku. Na samaki wana macho."

"Wana macho?"

"Wote. Wewe tu ndiye huna."

Maman Prof alicheka mpaka kitambaa kikateleza. Lakini hakuridhika. Mtoto alirudi wiki iliyofuata na ile ya pili, na kila mara maswali yaliulizwa tena, kwa mpangilio mwingine, kwa kitambaa na bila kitambaa. Ndipo alipovaa koti lake la kwenda kanisani akaongozana na mama yule mpaka shuleni. Sijui alisema nini humo ndani. Najua kwamba mtoto alibaki darasani mwake, na kwamba siku ya mazishi msichana mrefu mwenye mtandio alimshikia mwavuli yule aliyeinua simu ya Maman Mukubwa, tangu mwanzo mpaka mwisho.

Kuuliza tena ndiyo ilikuwa dini yake. "Jibu ya kwanza ni ya adabu," alisema. "Ya pili ndiyo ya muntu." Hakuliacha hilo kazini. Ukifika kwake alikuuliza: utakula? Ukajibu, kama tulivyolelewa, hapana Maman, nimeshiba. "Bon," akasema, akageuka zake. Baada ya muda kidogo, katikati ya maneno mengine: utakula? "Kidogo tu." Hapo sahani ilitoka jikoni ikiwa imejaa fufu na sombe, ugali wa muhogo na kisamvu, imefunikwa tangu ulipobisha hodi.

Kanisani hali ilikuwa mbaya zaidi. Mchungaji akisema "Mungu ni mwema!" sisi sote tukajibu "Wakati wote!", nilimsikia Maman Prof katika safu ya waimbaji akinong'ona, "Jibu ya adabu." Mchungaji alimsikia pia. Jumapili iliyofuata alisema "Mungu ni mwema!", tukajibu, akamtazama, akasema tena, polepole, kama anayeuliza kweli: "Mungu ni mwema?" Kanisa likatulia. Maman Prof akasimama peke yake. "Wakati wote," akasema, akaketi. Mume wake na kaka yake walikuwa wamekwisha kuuawa katika vita. Sikumsikia akinong'ona tena mahali pale.

Mtu akidhani kwamba aliishi kwa mashaka hayo siku zote atakuwa hajamjua. Aliamini mafundi. Aliyekuja kuuza jokofu la mtumba akasema halijatumika aliaminiwa hapo hapo. Binti akamuuliza, "Maman, umemuuliza mara ya pili?" Akajibu kwa heshima kubwa, "Fundi ni fundi." Jokofu liligandisha maziwa na kuozesha nyama mpaka likatolewa nje. Aliamini ndoto pia, yeye aliyewafukuza wengine na ndoto zao. Akimwota dada yake amevaa nyeupe, kabla ya chai alikuwa amekwisha kupiga simu Bukavu. Na hakuweza kungoja. Kituoni alikuwa akiisogelea tramu ikiwa bado haionekani.

Tena yeye mwenyewe hakuulizika. Ukimuuliza jambo lake, alijibu kwa kifupi. Ukirudia, alikata: "Umeniuliza tayari." Nilimwambia siku moja kwamba hiyo si haki, kwamba njia yake inamtaka naye ajibu mara mbili.

"Journaliste," alisema, "umeona wapi daktari anajipasua?"

Kuna jambo moja binti yake alinisimulia kwenye basi, tukirudi makaburini, akiangalia dirishani. Alipokuwa msichana, baada ya kuona akina mama wengine wakiwakumbatia watoto wao langoni mwa shule, alimuuliza: "Maman, unanipenda?" Maman Prof alikuwa anasahihisha tafsiri. Aliinua macho, akafikiri, akasema, "Uniulize tena kesho."

"Alikuwa anacheka?" nikauliza.

"Hapana. Alikuwa anafanya kazi yake." Akaufuta mvuke kwenye kioo. "Kesho yake sikuuliza. Niliogopa."

Nikamwambia kwamba mama yake alimpenda, sote tuliona. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu.

Sasa nirudi kwenye swali la kaburi, maana hapo ndipo njia ya Maman Prof inapotubana sisi tuliobaki.

Maman Mukubwa ana jibu. Anasema kwamba, walipomaliza kumzika kaka yao, alimuuliza mdogo wake kwa simu: na weye, siku yako? Akamjibu: "Dada, nirudi kwetu. Munilaze karibu na maman." Maman Mukubwa hasemi uongo. Nimemsikia akilirudia hilo katika vikao vya ukoo, na maneno hayabadiliki hata moja.

Binti naye ana jibu. Walikuwa wametoka kwenye msiba wa jirani, mwili umepelekwa Kinshasa kwa ndege baada ya kungoja sana. Kwenye tramu akamuuliza mama yake: na weye ungetaka hivi? Akamjibu: "Miye? Munizike hapa hapa. Usihangaike na ndege. Maiti haione dirisha." Binti naye hasemi uongo.

Kila mmoja aliuliza mara moja. Hakuna aliyerudia. Nimeyaweka majibu haya mawili sambamba mara nyingi, kama nilivyozoea kuweka maelezo ya mashahidi wawili, na kinachonitisha ni jinsi kila moja linavyomfaa aliyeuliza. Kumwambia dada mkubwa aliyebaki nyumbani na makaburi yote, "nirudi", ndiyo adabu. Kumwambia mtoto wa pekee mwenye kazi nzito katika nchi ya wengine, "usihangaike", ndiyo adabu. Kila mmoja alipewa jibu la kumtuliza moyo. Alitaka nini yeye, hilo halimo katika yote mawili, au limo katika mojawapo na hatujui ni lipi.

Nafasi ya kuuliza mara ya pili ilikuwepo, na ilikuja kwa njia hii.

Mshipa ulipasuka kichwani mwake asubuhi moja akiwa anavaa viatu. Hospitalini walituambia kwamba kusema hawezi, na kuhusu kusikia na kuelewa, daktari alitoa maneno mengi ya uangalifu ambayo jumla yake ilikuwa sijui. Macho yalikuwa wazi nusu. Upande wa kulia ulikuwa umelala. Adhuhuri moja binti alinipigia simu, akihema.

"Tonton, njoo. Anafinya mukono."

Nilimkuta ameketi kitandani, jambo ambalo wauguzi walikuwa wamekataza, mkono wa kushoto wa mama yake ukiwa ndani ya mkono wake. Uso wake sijawahi kuuona hivyo, kabla wala baada.

"Nimemuambia, Maman, ni miye, unanijua? Akafinya. Tonton, alifinya kwa nguvu."

Alilia, akacheka, akajifuta na shuka. Kisha Maman Mukubwa akapiga simu. Aliposikia habari hiyo alisema mara moja, kama mtu aliyekuwa anangoja mlango ufunguliwe: "Mumuulize! Mumuulize sasa, angali na nguvu." Kisha laini ikakatika.

Binti alinitazama. Nilimwambia kwamba uamuzi ni wake. Akainama karibu na sikio la mama yake.

"Maman. Siku ikifika, tukurudishe Bukavu?"

Niliona vidole vikijikunja. Akafinya.

"Ao ubakie hapa, karibu na miye?"

Akafinya.

Nje ya mlango watu walikuwa wakisukuma vitanda na kutaniana kwa Kifaransa. Binti akasema, si kwangu hasa, "Alitufundisha. Tungoye, halafu tugeuze." Tukangoja. Nilileta kahawa mbili ambazo hakuna aliyezinywa. Muuguzi akaja, akabadilisha dripu, akatoka. Ndipo binti akainama tena, na safari hii akaanza na la mwisho.

"Maman, ubakie hapa na miye?"

Akafinya.

"Ao Bukavu, karibu na koko?" Koko ni bibi, yule mama aliyezikwa kule.

Akafinya. Binti aliniambia kwamba nguvu ilikuwa ile ile. Mimi niliona vidole tu.

Katika njia ya Maman Prof kulikuwa na hatua moja zaidi, ambayo aliificha katikati ya maswali mengine ili mtoto asiitambue. Lilikuwa swali ambalo jibu lake haliwezi kuwa ndiyo. "Na tembo? Iko tembo juu ya meza?" Mtoto anayekubali tembo anakubali kila kitu, hajibu, anaitikia tu. Basi majibu yake yote ya siku hiyo yalifutwa, hata yaliyokuwa mazuri.

Nikasema, kwa sauti ya chini, kwamba tungeweza kumuuliza kama anataka kuzikwa Kinshasa. Hakuwa na mtu Kinshasa. Alikuwa akiisema vibaya maisha yake yote. Asipofinya kwa Kinshasa, tutajua kwamba anasikia na kwamba, kwa namna yake, anataka kote kuwili. Akifinya...

"Hapana, tonton."

"Ni njia yake."

"Naijua njia yake. Nilikomalia ndani yake." Hakupandisha sauti. Alikuwa bado ameushika mkono ule. "Akifinya kwa Kinshasa, tunafuta yote. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Yote ya leo."

"Ndiyo."

"Na ile ya kwanza?"

Ile ya kwanza ilikuwa: ni miye, unanijua?

Alingoja jibu langu kiasi cha kutosha, kisha akauweka mkono wake wa pili juu ya ule wa mama yake, akaufunika kabisa, hata vidole nisivione tena.

"Basi usiulize," akasema.

Sikuuliza. Tuliketi hivyo mpaka saa ya wageni ikaisha, na katika siku chache zilizobaki hakuna aliyeuliza lolote. Maman Prof alifariki binti yake akiwa ameinama kumpaka mafuta miguuni.

Maman Mukubwa hupiga simu kila Jumapili, mtandao ukiwepo. Hupiga wakati mchumba wa Forest anakunywa chai, na mara nyingi mimi pia nipo. Anauliza habari za baridi, za kazi, kisha anauliza mdogo wake alijibu nini siku ile. "Alijibu ndiyo, Maman Mukubwa," binti humwambia, bila kusema kwa swali lipi. Kisha laini hukatika. Kule siku hizi hukatika sana, lakini nimekwisha kumwona binti akiikata kwa kidole chake mwenyewe. Jumapili iliyopita, kabla haijakatika, tulimsikia Maman Mukubwa akisema kwamba wamekwisha kufyeka majani karibu na kaburi la mama yao, na kwamba vijana wameshapima mahali pa kuchimba.